Uhafidhina wa mashinani: Ulikotoka na ulichoacha katika nchi ya majani chai

WAKENYA walipopanga foleni Agosti 4, 2010 kuamua hatima ya Katiba mpya, hali katika milima ya chai ya Kericho na Bomet haikufanana na ya sehemu nyingi za nchi. Jijini Nairobi, Nyanza, Pwani na Mlima Kenya, rangi ya kijani ya kundi la Ndiyo ndiyo iliyotawala. Katika Merigi na maeneo yaliyoizunguka, rangi ilikuwa nyekundu ya Hapana, nayo ilikuwa imetawala kwa majuma mengi, kuanzia makanisani hadi kwenye vituo ambako wakulima hupimia majani chai.

Kundi la Hapana lilishindwa vibaya. Zaidi ya wapigakura milioni sita waliikubali Katiba, ilhali waliokataa walikuwa takriban milioni 2.8. Kati ya mikoa minane iliyokuwapo wakati huo, Bonde la Ufa ndio pekee ambao wengi wa wapigakura wake waliikataa.

Tangu siku hiyo, wachanganuzi wengi wamelieleza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba wakazi wa huko walimfuata William Ruto, aliyekuwa Waziri wa Elimu ya Juu na msemaji mkuu wa kundi la Hapana. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ruto alikuwa na ushawishi, hapana shaka, lakini hakuna mwanasiasa awezaye kuwasha moto mahali pasipo kuni. Kuni za mwaka 2010 zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi, na waliozikusanya hawakuwa wanasiasa pekee.

Kuna jambo jingine ambalo halielezeki kwa sentensi hiyo moja. Merigi leo ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Bomet Mashariki. Ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti, na wakazi wake humjua gavana wao kwa jina na kwa sura. Wadi hiyo, eneobunge hilo na serikali ya kaunti yenyewe ni matunda ya Katiba ile ile waliyoikataa. Isitoshe, ugatuzi ndio uliokuwa kilio cha kwanza cha kisiasa cha eneo hilo, kilio kilichosikika hata kabla ya bendera ya Uingereza kuteremshwa. Ni vipi basi watu walikikataa kitu walichokuwa wamekililia kwa nusu karne?

NENO NA MAANA YAKE

Siasa za Afrika Mashariki zina neno zuri la kueleza shughuli zinazoanzia chini: mashinani. Shina ni mahali ambapo mti hushikana na ardhi, na vyama vya kisiasa vililichukua neno hilo mapema kutaja ngazi yao ya chini kabisa. Kwa hiyo harakati za mashinani ni zile ambazo nguvu zake hutoka kwa watu wa kawaida katika makazi yao, wala si katika afisi za makao makuu.

Uhafidhina nao ni msimamo wa kulinda kilichopo dhidi ya mabadiliko yanayodhaniwa kuwa ya hatari. Hata hivyo, kinacholindwa hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, na hapa ndipo wengi wanaosoma habari za Marekani hukosea wanapoyatazama ya nyumbani.

Nchini Marekani, mnamo 2009, lilizuka vuguvugu lililojiita Tea Party, yaani karamu ya chai. Jina hilo lilitokana na tukio la Desemba 1773, pale wakazi wa Boston walipomwaga shehena ya chai baharini kupinga ushuru wa Waingereza. (Mkulima wa Bomet, ambaye huhesabu kila kilo anayopeleka kiwandani, pengine angestaajabu kusikia kwamba kumwaga chai ni ushujaa.) Wafuasi wake walikutana katika majumba ya mitaa, wakapinga kodi na ukubwa wa serikali, na kufikia Novemba 2010 walikuwa wamekisaidia chama cha Republican kuongeza viti 63 katika Bunge la Wawakilishi.

Wahafidhina wa Kericho na Bomet hawafanani na hao katika suala la serikali. Mkulima mdogo wa chai hataki serikali iondoke. Anataka ilete mbolea ya bei nafuu, isimamie viwanda, itengeneze barabara ya kupitisha lori la majani na ihakikishe kwamba bonasi ya mwisho wa mwaka inalipwa. Analokusudia kulinda ni mambo matatu: ardhi, imani na mpangilio wa jamaa na wazee. Mambo hayo matatu yana historia, na yote yaliwahi kutikiswa na mkono wa serikali.

MIZIZI YA ARDHI

Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika sehemu kubwa ya ardhi yao yenye mvua nyingi. Katika miaka ya 1920, kampuni za Uingereza zikiongozwa na Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho katika mashamba makubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, muda ambao kwa mtu wa kawaida ni sawa na milele.

Mwaka 1934 lilifuata tukio ambalo wazee bado hulisimulia. Serikali ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha Watalai, ukoo uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikidai kuwa walikuwa wakichochea watu. Watu wa ukoo huo walihamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipokuwa na mbung'o na malaria. Jamii nzima ikajifunza kwamba serikali ya mbali inaweza kumng'oa mtu pamoja na mzee wake wa dini kwa karatasi moja tu.

Kumbukumbu hizi zilihifadhiwa katika kokwet, baraza la ujirani ambamo wazee wa Kipsigis huketi kuamua kesi za mipaka, mifugo na ndoa. Kokwet ilikuwapo kabla ya chifu wa serikali, na iliendelea kuwapo baada yake. Anayetafuta mashina ya siasa za eneo hilo na aanzie hapo, katika kikao ambacho mtu hawezi kuzungumza bila majirani kumjua yeye, baba yake na ng'ombe wake.

Uhuru ulipokaribia, hofu ya kupoteza ardhi iligeuka na kuwaelekea Waafrika wenzao. Chama cha KANU kilionekana kuwa chama cha jamii kubwa zilizokuwa zikisongwa na uhaba wa mashamba. Ndipo Juni 1960, viongozi wa jamii ndogo walipokutana Ngong na kuunda KADU, chini ya Ronald Ngala wa Pwani, akiwa pamoja na Masinde Muliro, Daniel arap Moi na Taaitta Towett, msomi na mwanasiasa kutoka Kericho. Muungano wa kisiasa wa Wakalenjin ulikuwa mmoja wa misingi ya chama hicho.

Sera ya KADU ilikuwa majimbo. Kila eneo lijitawale, na zaidi ya yote, kila eneo lisimamie ardhi yake. Katiba ya uhuru ya 1963 iliwapa kiasi cha walichotaka, lakini serikali ya Jomo Kenyatta haikuwa na haja ya mfumo huo. Novemba 1964 KADU ilivunjwa na viongozi wake wakajiunga na KANU, na majimbo yakazikwa. Moi alipanda hadi kuwa Makamu wa Rais, kisha Rais mwaka 1978, na kwa miaka 24 watu wa milima ya chai hawakuona haja ya kudai majimbo kwa kuwa aliyeketi Ikulu alikuwa wao.

Neno hilo lilifufuliwa mwaka 1991, wakati madai ya vyama vingi yalipoitikisa KANU. Septemba mwaka huo, wanasiasa walio karibu na Moi walifanya mikutano ya hadhara Kapsabet na Kapkatet, ule wa pili ukiwa katika wilaya ya Kericho. Walitangaza kwamba vyama vingi vikija, Bonde la Ufa litarudi kwenye majimbo, na wasio wenyeji watapaswa kurudi makwao. Mwezi uliofuata mapigano yalianza mpakani mwa Nandi, yakasambaa hadi sehemu za Kericho na mpaka wa Sotik na nchi ya Wakisii. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye tume ya Jaji Akilano Akiwumi, zote zilichunguza maafa hayo na kugusia mikutano hiyo.

Hili ni doa ambalo historia ya uhafidhina wa eneo hilo haiwezi kulifuta. Hofu ya mwananchi ya kupokonywa shamba ilikuwa ya kweli. Ila waliojiweka mbele kuisemea walikuwa mawaziri wenye walinzi, na walioelekezewa hasira walikuwa maskini wenzao walionunua ekari mbili tatu kwa jasho lao. Machafuko yalirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kuanzia Kipkelion hadi mpaka wa Borabu na Sotik, familia zilizoishi kama majirani kwa miaka mingi zilitenganishwa na moto.

KANISA, SHULE NA HOSPITALI

Nguzo ya pili ni imani. Wamishenari Waprotestanti kutoka Marekani walifika nchi ya Wakipsigis mapema katika karne ya 20, na kazi yao ikakua hasa Tenwek, katika Bomet ya leo. World Gospel Mission na Africa Gospel Church walijenga huko kituo cha ibada kilichokuja kuwa mojawapo ya hospitali kubwa za misheni nchini. Waafrika Inland, yaani AIC, nao wakajikita Litein, na Wakatoliki wakaeneza parokia zao kote.

Watu wa mijini husahau maana ya jambo hili. Katika kijiji cha Bomet, kanisa si jengo la Jumapili tu. Ndilo mfadhili wa shule ambako mtoto husoma, na mara nyingi ndilo lenye zahanati au hospitali ambako mama hujifungulia. Mchungaji anaposema jambo kuhusu mimba na uhai, hasemi kama mtu wa nje anayeingilia mambo ya tiba. Husema kama mwakilishi wa taasisi iliyompokea msikilizaji alipozaliwa.

Makanisa haya hayakuwa na msimamo mmoja juu ya serikali. Katika miaka ya 1980 na 1990, wakati viongozi wa NCCK na maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walipoupinga utawala wa chama kimoja, makanisa mengi ya kiinjilisti ya Bonde la Ufa yaliketi kimya au yakamuunga mkono Rais. AIC, kanisa la Moi mwenyewe, lilijiondoa katika NCCK mwaka 1986 wakati wa mzozo wa kupiga kura kwa mlolongo. Kwa hiyo ilikuwa ajabu kiasi kwamba mwaka 2010 pande hizo mbili zilijikuta meza moja. NCCK, maaskofu wa Kikatoliki na makanisa ya kiinjilisti yote yalisimama na Hapana.

YALIYOTOKEA 2010

Kilichowaunganisha kilikuwa vifungu vichache vya rasimu. Kifungu cha 26 kilitangaza kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, jambo ambalo makanisa yalikuwa yamelipigania na kulipata. Lakini kifungu hicho hicho, baada ya kukataza uavyaji mimba, kiliruhusu pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya mwenye ujuzi, kuna dharura ya matibabu au maisha ama afya ya mama imo hatarini. Kwa viongozi wa dini neno lililowatia wasiwasi ni "afya", waliloliona kuwa mlango mpana. Bunge liliipitisha rasimu Aprili 1, 2010 bila kubadilisha hata neno.

Suala la pili lilikuwa mahakama za Kadhi. Mahakama hizo hazikuwa jambo jipya. Zilikuwamo katika Katiba ya uhuru kutokana na makubaliano ya 1963 juu ya ukanda wa Mwambao, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mei 24, 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuwamo kwake katika Katiba ya zamani kulikuwa kinyume cha sheria, na uamuzi huo ukaongeza mafuta kwenye mjadala. Ni haki kusema kwamba wengi wa waliohofia mahakama hizo katika milima ya chai hawakuwa wamewahi kufika mlangoni pa mojawapo, wala hapakuwa na jambo la maisha yao ambalo Kadhi angeliamua.

Lakini ardhi ilikuwa jambo la maisha yao hasa. Rasimu iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Katika mikutano ya Hapana, agizo hilo lilielezwa kana kwamba serikali ingekuja kumega mashamba ya watu. Maelezo hayo yalitiwa chumvi, ila yaliingia masikioni mwa watu waliokuwa na jeraha bichi.

Jeraha hilo ni Msitu wa Mau. Novemba 2009, serikali ya muungano ilianza kuwaondoa walowezi katika sehemu ya kusini magharibi ya msitu huo ili kuokoa vyanzo vya maji. Waziri Mkuu Raila Odinga ndiye aliyekuwa mstari wa mbele. Waliotolewa wengi walikuwa Wakipsigis, watu wenye shangazi, wajomba na ndugu katika Kericho na Bomet, na baadhi yao waliishia kwenye vibanda vya nailoni kando ya barabara wakati wa mvua. Haja ya kuuhifadhi msitu haikuwa na shaka. Mito inayonywesha Bomet yenyewe huanzia huko. Lakini mtu anayemkaribisha nyumbani binamu aliyefukuzwa na watoto sita hasikilizi kwa urahisi mhadhara juu ya mazingira. Miezi tisa baadaye, Raila huyo huyo alipokuja kuomba kura ya Ndiyo, jibu lilikuwa limeshaandaliwa.

Kampeni yenyewe ilipita katika njia zilizokuwapo tayari. Jumapili ilikuwa ibada na matangazo, vikundi vya akina mama vilikuwa na siku zao, na wazee walikuwa na vikao vyao. Redio za lugha ya Kikalenjin, Kass FM ikiwa mashuhuri zaidi, zilikuwa zimewazoesha wasikilizaji kujadili siasa za kitaifa kwa lugha ya mama tangu asubuhi. Rais mstaafu Moi alitoka katika kimya cha ustaafu na kuipinga rasimu hadharani. Juni 13, 2010 milipuko katika mkutano wa maombi na wa Hapana bustanini Uhuru Park, Nairobi, iliua watu sita. Waumini wengi waliichukulia kama ithibati kwamba wanapiganwa.

NYASI ZA KWELI AU ZA KUPANDIKIZWA?

Nchini Marekani, vuguvugu la Tea Party lilishutumiwa kuwa nyasi bandia, kwa maana kwamba matajiri walilipa gharama kisha wakalionyesha kama hasira ya wananchi wa kawaida. Ukweli ulikuwa katikati. Wananchi walikasirika kweli, na matajiri wakalipa mabasi. Swali hilo hilo liliulizwa Kenya.

Shirika la wanasheria wa Kikristo wa Marekani, American Center for Law and Justice, lilianzisha tawi Nairobi mwaka huo wa 2010 na kuunga mkono upinzani dhidi ya rasimu. Kwa upande wa pili, serikali ya Marekani ilitumia mamilioni ya dola kugharamia shughuli zilizohusu mchakato wa Katiba, hata mbunge wa Republican, Chris Smith, akalalamika kwamba fedha za walipakodi wake zilikuwa zikisaidia Ndiyo. Rais Barack Obama na Makamu wake Joe Biden, aliyezuru Nairobi Juni mwaka huo, walihimiza mageuzi waziwazi. Kwa hivyo anayedai kuwa upande mmoja tu ulikuwa na mkono wa kigeni hasemi kweli yote.

Muhimu zaidi ni kwamba fedha za wanasheria wa Washington hazikufika kwenye kokwet. Hazikuhitajika huko. Hoja zilizokuja na vipeperushi zilikuwa za jumla, lakini hofu iliyozipokea ilikuwa ya pale pale, ina majina ya mito na mashamba. Ukitaka kuona tofauti, tazama sehemu nyingine za nchi ambako mahubiri yalikuwa yale yale na waumini wakapiga Ndiyo. Katika Kenya ya Kati, Nyanza na Magharibi, waumini wengi walimsikiliza mchungaji, wakaitikia amina, kisha wakaikubali Katiba. Imani peke yake haikutosha kuleta Hapana. Ilipokutana na Mau na kumbukumbu za 1934, ilitosha.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la swali la ugatuzi. Wahafidhina wa milima ya chai hawakuacha kuutaka utawala wa karibu. Walichokosa ni imani kwa aliyewaletea. Wakati huo huo, kundi la Hapana liliwaambia kwamba majimbo 47 madogo si majimbo ya KADU waliyoyajua. Mtu akishanyang'anywa mara mbili, zawadi ya mara ya tatu huigeuzageuza mikononi akitafuta mtego.

ULICHOACHA

Katiba ilizinduliwa Agosti 27, 2010. Kundi la Hapana lilikuwa limeshindwa, lakini halikusambaratika, na hili ndilo somo ambalo vyama vya Nairobi vilichelewa kulielewa. Mtandao wa wachungaji, wazee, madiwani na watangazaji uliokusanyika kwa ajili ya kura moja ulibaki mzima. Ruto aliutumia kuunda chama cha URP, kilichoshinda viti kwa wingi Kericho na Bomet katika uchaguzi wa Machi 4, 2013 na kumfanya Naibu Rais.

Kilichofuata Bomet kinavutia zaidi. Gavana wa kwanza, Isaac Ruto wa URP, alichaguliwa kuliongoza Baraza la Magavana, na ghafla kaunti iliyotoka katika ngome ya Hapana ikawa msemaji mkuu wa ugatuzi nchini. Mwaka 2014 magavana walianzisha kampeni ya Pesa Mashinani, wakitaka kura ya maamuzi ili kaunti ziongezewe mgao. Kampeni hiyo haikufika kwenye kura, lakini ilimgombanisha Isaac Ruto na viongozi wa chama chake. Mwaka 2016 aliunda Chama Cha Mashinani, na mwaka 2017 akaingia katika muungano wa NASA pamoja na Raila. Wapigakura walimwadhibu kwa hilo. Joyce Laboso wa Jubilee alimshinda na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa ugavana nchini, hadi alipofariki Julai 2019.

Ushindi wa Laboso unafaa kutajwa pia kwa sababu watu hupenda kusema kwamba uhafidhina wa eneo hilo ni ukuta dhidi ya wanawake. Bomet na Sotik zilikuwa zimeshachagua wabunge wanawake, Beatrice Kones na Joyce Laboso, katika chaguzi ndogo za Septemba 2008 baada ya ajali ya ndege kumuua waziri Kipkalya Kones na mbunge Lorna Laboso. Ni kweli kwamba waliingia kwa mlango wa msiba na wa jamaa. Hata hivyo, waliingia, na wapigakura hawakuona kwamba wameivunja mila.

Kufikia 2022, lugha ya mashinani ilikuwa imepanda hadi kwenye kampeni ya urais. William Ruto aliahidi uchumi unaoanzia chini kwenda juu, akawataja mama mboga na waendesha bodaboda, na kuyafanya makanisa kuwa majukwaa yake makuu. Aliapishwa Septemba 13, 2022, na wafuasi wake wengi wa Bonde la Ufa waliona kwamba Hapana ya 2010 imelipwa. Mahakama ya Juu ilipoamua Februari 2023 kwamba chama cha kutetea haki za mashoga hakiwezi kunyimwa usajili, Rais alitangaza kwamba mila na dini za Kenya hazitaruhusu ndoa za jinsia moja, na mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaandaa mswada wa kulinda familia. Hoja zilizokuwa za mimbari za vijijini sasa zilitolewa Ikulu na Bungeni.

Lakini matokeo makubwa zaidi kwa mkulima wa Merigi huenda yakatoka mahali asipopatazamia. Katiba aliyoikataa iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuipa jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kifungu cha 65 kilipunguza muda wa ukodishaji wa ardhi kwa wageni kutoka miaka 999 hadi 99. Kwa kutumia milango hiyo, serikali za kaunti za Kericho na Bomet pamoja na Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko yao, na mwaka 2019 tume hiyo ilichapisha uamuzi uliokubali kwamba walidhulumiwa. Baadaye suala hilo lilifikishwa mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 kesi ikawasilishwa dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Ardhi yenyewe haijarudi. Ila ni mara ya kwanza tangu 1934 ambapo madai hayo yamewekwa mezani kwa karatasi za sheria, wala si kwa kumfukuza jirani.

Makanisa nayo yamebadilika. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana chini ya Askofu Mkuu Jackson ole Sapit lilipiga marufuku wanasiasa kuhutubia madhabahuni. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, yaliyofika hata mjini Kericho, ukosoaji wa serikali ulisikika katika makanisa yaliyokuwa yameiombea. Novemba mwaka huo maaskofu wa Kikatoliki waliikosoa serikali hadharani, na Jimbo Kuu la Nairobi likakataa mchango wa fedha ambao Rais alikuwa ameutoa katika parokia moja ya Soweto.

Katika vijiji vya Bomet, wengi wa vijana walioshika simu zao wakifuatilia maandamano hayo walikuwa watoto wadogo mwaka 2010, na hawana kumbukumbu ya rangi nyekundu. Wazazi wao bado hupeleka majani kituoni asubuhi, na bado husikiliza matangazo baada ya ibada.